Ile franga iko mu hatari gani? Akiba na kuokoa katika Kiswahili cha Goma

Mwaka wa kwanza niliposhika kalamu ya ukatibu katika kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tuliletewa karatasi za mafunzo. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zikapitia Kifaransa, ndipo zikatufikia kwa Kiswahili zikiwa zimechoka na safari. Mstari wa kwanza ulisema: "Kila mwanachama ajifunze kuokoa pesa." Nikausoma kwa sauti kama ulivyo. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule bandari ya Kituku akainua mkono.

"Mwanangu, ile franga iko mu hatari gani mpaka tuiokoe?"

Alikuwa anauliza kweli. Kwake, na kwa karibu kila aliyeketi pale, anayeokolewa ni mtu aliye majini, mtoto aliye ndani ya nyumba inayoungua, mgonjwa aliyekuwa anakwenda. Pesa iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge haijaomba msaada. Nikafuta "kuokoa", nikaandika "kuweka akiba", tukaendelea. Lakini swali lake limekaa nami miaka yote hii. Liligusa fundo ambalo wafasiri wengi wanalipita bila kulifungua, na katika mji huu lina jibu ambalo siku ile sikulijua.

Fundo lenyewe ni hili. Kiingereza kina neno saving, na hilo moja linabeba mizigo mingi: kumtoa mtu hatarini, kuweka pesa kando, kutumia kidogo mafuta au muda, kutunza namba ndani ya simu, hata kumpata mtu kwa Mungu. Kifaransa, ambacho ndicho kinatawala maofisi yetu, kinaigawa mizigo hiyo kati ya sauver, épargner, économiser na sauvegarder. Hata hivyo épargner nalo lina nyuso mbili: ni kuweka pesa kando, na pia ni kumwacha mtu bila kumgusa. Ndiyo maana aliyesoma shule za hapa anaweza kusema kwa pumzi moja kwamba lava ya volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021, ile iliyosimama Buhene kwenye mlango wa mji, "ilitu-épargner", na kwamba yeye ana "épargne" yake kwenye kopeki, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Kiswahili hakikubali kuvichanganya vitu hivyo viwili. Kabla ya kukupa neno kinakuuliza: kitu chenyewe kiko wapi sasa, na kinaelekea wapi?

Tuanze na kuokoa. Ukilitumia neno hili, hatari imekwisha kufika, na mkono unanyooshwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaona. Katika mazungumzo ya siku zile maneno mawili yalitenganishwa bila mwalimu yeyote. Walio hai waliokolewa. Miili iliopolewa. Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama au kilichonaswa, iwe ndoo kisimani au maiti ziwani, na hakudai chochote zaidi ya kitu chenyewe kutoka. Kuokoa kunadai uhai ubaki. Tofauti ni ya herufi moja, na siku ile familia zilizokuwa zinasubiri kando ya maji zilikuwa zinasikiliza herufi hiyo tu.

Mitaani mwetu kuna jingine, kuponesha, ambalo msikilizaji wa Mombasa au Zanzibar angetarajia liseme kuponya. Daktari anaponesha. Lakini jirani aliyekukopesha dola tano usiku wa homa ya mtoto naye amekuponesha, na unamwambia hivyo asubuhi: "Yaya, ulituponesha." (Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa.) Kanisani tena ni kuokoka, tendo lenye tarehe, maana mtu anaweza kukuambia mwaka na ibada aliyookoka. Na Kifaransa kina se sauver, yaani kujiokoa, ambalo maana yake ya kila siku ni kutoroka. Sisi pale tunasema kukimbia tu. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, serikali ilipotangaza sehemu kubwa ya mji iondoke kwa hofu ya mlipuko mwingine, hakuna niliyemsikia akisema anajiokoa. Watu walikuwa wanakimbia, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine kwa boti mpaka Bukavu.

Akiba ni habari nyingine kabisa. Neno limetoka Kiarabu, katika mzizi unaozaa pia neno la kisigino na neno la matokeo, yaani kinachokuja nyuma ya jambo. Nilipojua hilo nilifurahi kama mtu aliyepata ufunguo. Ukiweka akiba unakitenga kitu kwa ajili ya kinachofuata, na hatari haijafika, huenda isifike kamwe. Akiba inaweza kuwa ya unga, ya kuni, ya maneno. Wazee hukuonya uache akiba ya maneno, usimalize yote wakati wa ugomvi, kwa sababu kesho mtakutana tena kisimani. Ukimwambia mtu huyo "okoa maneno", hatakuelewa.

Kwa hiyo mama wa Kituku alikuwa na haki. Kuokoa kunakuja baada ya hatari, akiba inakuja kabla. Karatasi zetu zilikuwa zimezichanganya saa mbili tofauti.

Bado kuna maana ile ya kutumia kidogo. Hapa wafasiri huandika "kuokoa nishati", "kuokoa muda", na siku hizi redio zimezoea. Sizikatazi, lakini sikiliza muuzaji wa babula, yaani jiko la makaa, sokoni Virunga anavyosifia kazi yake. Atakuambia kwamba hii "inakula makala kidogo". (Wasomaji wa pwani watuwie radhi: kwetu makala ni yale mnayoyaita makaa.) Pikipiki nzuri inakula mafuta kidogo. Simu mbaya inakula yunitsi, yaani salio. Mtunza sanduku mwizi amekula pesa ya watu, na mwenye nyumba asiyejizuia anakula akiba yake. Neno kula liko kila mahali, na linaonyesha wazi jinsi Kiswahili kinavyoliona jambo zima: kinyume cha kuweka ni kula. Kitu chochote ulicho nacho kina mdomo unaokisubiri. Kubana matumizi ni kuubana mdomo huo, na kujinyima ni kuubana ukiwa ni wako mwenyewe. Ukitafsiri kipeperushi cha jiko lisilomaliza makala, andika kwamba halili sana, na kila mama atakuelewa bila kusoma mara ya pili.

Kuhusu simu sina mengi. Vijana wanaopita mpaka kila siku wanasema kusevu namba, waliobaki na Kifaransa wanasema kuenrejistre, vitabu vinasema kuhifadhi. Yote yanaeleweka.

Neno ninalolipenda zaidi ni kuchunga. Kwa watu wa pwani ya mashariki kuchunga ni kazi ya mchungaji na mbuzi wake. Hapa Kivu, na Lubumbashi vilevile, ni kutunza kitu chochote: "Unichungie hii mpaka nirudi." Tunachunga funguo, tunachunga siri, tunachunga makuta, yaani pesa. Naona ukweli ndani ya matumizi hayo, maana pesa kweli inahitaji kuangaliwa kama mifugo, ikiachwa peke yake inapotea. Na mara nyingi akiba ya watu wa Masisi na Kalehe ni mifugo hasa. Mbuzi anazaa, anauzwa siku ya ada ya shule, anatembea kwa miguu yake wakati wa kukimbia. Wasio na uwezo wa mbuzi wanafuga dende (cobaye kwa Kifaransa), wale wanyama wadogo wanaokaa jikoni wakila maganda na majani. Dende halii kwa sauti ya kumwita mwizi wala mwenye bunduki, anaingia ndani ya kikapu, na anazaa mara kadhaa kwa mwaka. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu bidhaa za kifedha za watu maskini, na kwangu mimi machache yanamfikia mnyama huyu.

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe, maana hapa ndipo neno akiba linafunika vitu visivyofanana, na watu wanaumia kwa kutovitofautisha.

Kuna likirimba, ambayo kule Kinshasa wanaiita likelemba na watu wa Tanzania wanaiita upatu. Chukua wanawake kumi wa sokoni, kila mmoja anatoa dola 5 kwa wiki, na kila wiki mmoja anabeba dola 50. Wote watakuambia wanaweka akiba. Hesabu haisemi hivyo. Anayebeba wiki ya kwanza ametoa 5 akapokea 50, kwa hiyo ana deni la 45 kwa wenzake, na wiki tisa zinazofuata analilipa. Anayebeba wiki ya kumi amekwisha kutoa 45 kabla hajagusa kitu, na huyo ndiye mwenye akiba kweli, tena akiba isiyo na riba, iliyokaa mikononi mwa wengine. Waliobaki katikati ni nusu wadeni, nusu wawekaji. Mchezo ni mmoja, lakini namba uliyopewa ndiyo inayoamua unafanya nini. Ndiyo maana kugombea namba kunaleta maneno makali, na ndiyo maana likirimba inayofika katikati ya vita inawaumiza wa mwisho peke yao. Ukialikwa kuingia, usiulize tu ni dola ngapi. Uliza unabeba wiki ya ngapi.

Kuna kadi ya miraba. Mkusanyaji anapita mezani pako kila siku, unampa kiasi kilekile, anaweka alama kwenye mraba mmoja kati ya 31. Mwisho wa mwezi anakurudishia siku 30, moja ni yake. Ukiweka franga 1,000 kila siku unalipa 1,000 ili uchungiwe 30,000. Mgeni anashangaa: mtu analipaje ili aweke pesa yake mwenyewe? Muuza mboga hashangai. Ile 1,000 ni malipo ya mtu anayemtolea pesa mbele ya macho ya watoto, wakwe na jirani mwenye shida, wote wakiwa na haki ya kuomba. Anachonunua ni uwezo wa kusema "sina" bila kusema uongo.

Halafu kuna AVEC, kifupi cha jina la Kifaransa la vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambalo kwa bahati njema linasomeka kama neno la Kifaransa lenye maana ya "pamoja na". Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, ukiwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima. Tanzania una ndugu zake wanaoitwa vikoba. Watu kama 15 hadi 25 hivi wanakutana kila wiki. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe analichunga mtu wa nne asiye na ufunguo. Katika kila mkutano unanunua hisa, kuanzia 1 mpaka 5, muhuri unagongwa kwenye kijitabu chako, wote wakiona. Kutoka sanduku hilo mnakopeshana kwa faida, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi miezi 9 hadi 12, mnagawana yote.

Kugawana kunawachanganya wengi, kwa hiyo nitaandika hesabu kama ninavyoiandika ubaoni. Tuseme hisa moja ni franga 1,000, na mwaka mzima wanachama wote wamenunua hisa 1,800. Hiyo ni franga 1,800,000. Faida ya mikopo na faini za waliochelewa zimeleta 270,000. Jumla ni 2,070,000. Gawanya kwa hisa 1,800, unapata 1,150. Mwenye hisa 100 anaondoka na 115,000. Yeye aliweka, na pesa yake ikafanya kazi kwa wengine wakati amelala. Na aliyekopa akanunua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akabeba viazi kutoka Kibumba mpaka mjini, hakuweka bali alizungusha. Ni matendo mawili, na sanduku moja linayahitaji yote mawili, kwa sababu kikundi cha wawekaji watupu kingegawana kile kile walichotoa.

Wanachama wangu wanataja methali ya pwani, akiba haiozi. Inaandikwa kwenye kuta za maofisi. Mimi siiandiki ubaoni, na nitasema sababu, maana hapa ndipo ninarudi kwenye swali la mama wa Kituku.

Katika nchi hii akiba imeoza, mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai. Zaire, pesa ya wakati ule, ilipoanza mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani, na iligawanyika kwa makuta 100, makuta ambayo yalikufa kama sarafu yakabaki mdomoni mwetu kama jina la pesa. Siku ya Noeli ya 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimeondolewa, na siku za kubadilisha zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Wa vijijini, mbali na benki, walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: aliyechunga zaire za kwanza bila kuzigusa angehitaji bilioni 300 ili apate franga moja. Watu wa Kasai, waliokataa zaire mpya wakaendelea na zile za zamani, walibadilishiwa milioni 14 kwa franga moja, kwa hiyo ukaidi wao ulichunga pesa kuliko utii wetu.

Tangu hapo akiba ikahamia kwenye dola. Lakini hata dola hapa ina masharti. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni, hata wa urefu wa ukucha, inakataliwa na kambisti, yaani mbadilisha pesa, na anayeichukua anaikata bei. Kwa hiyo tunazichunga zikiwa zimenyooka ndani ya Biblia au daftari, tunazigusa kwa ncha za vidole. Mtu anaweka akiba, na papo hapo anailinda na panya na unyevu.

Na mahali pa kuweka? Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani na kumeza eneo kubwa la biashara, maduka na ghala zikiwa ndani. Aliyekuwa ameweka akiba yake kwa saruji na mabati hakuweza kuibeba. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipouchukua mji, mabenki yalifunga. Mtu alikuwa na namba kwenye daftari la benki, namba halali, bila kosa, na hakuweza kununua nayo kilo ya unga. Waliovuka Gisenyi kutoa pesa walilipa njia, waliotoa kwa simu walilipa kamisheni juu ya kawaida, kwa kuwa noti zenyewe zilikuwa haba. Kikundi chetu kilikuwa na bahati ya tarehe: tulikuwa tumegawana Desemba, sanduku lilikuwa jepesi. Ninajua vikundi ambavyo mzunguko wao ulikuwa katikati, wanachama wakatawanyika na funguo tatu pande tatu.

Siku zile nilimkumbuka mama wa Kituku, na nikajua kwamba karatasi ile mbovu ilikuwa imesema kitu cha kweli bila kukusudia. Hapa Goma pesa huwa hatarini. Kwanza unaweka akiba, ndipo siku moja unalazimika kuiokoa: kuigawa mapema, kuigeuza chumvi na maharagwe, kuishona ndani ya mkoba wa mtoto. Ni kazi mbili, zenye maneno mawili, na mafunzo yanayotufikia yanafundisha ya kwanza tu. Hakuna kijitabu nilichopewa kinachoeleza kikundi kifanye nini saa mji unapobadilika mikono. Tulilazimika kukiandika wenyewe: wanachama watatu wana nakala ya hisa za wote, mzunguko wetu sasa ni miezi 6, na theluthi mbili ya sauti inatosha kufungua sanduku kabla ya siku.

Tulipokuwa tunaandika upya kanuni hizo, nilikuta tena karatasi ya zamani. Ilikuwa na mafungu mawili: hisa, na kile kinachoitwa kwa Kifaransa mfuko wa mshikamano, franga 500 za kila mkutano zisizogawanywa, za msiba, uzazi au hospitali. Nikauliza tuyaiteje kwa Kiswahili chetu. Hisa hazikuleta mjadala, likaitwa fungu la akiba. Lile la pili wamama walilibishania kidogo, wakakataa "mshikamano" kwa kuwa ni neno la maofisi, wakalipa jina la fungu la kuponesha. Limeandikwa hivyo juu ya kifuko chake cha kitambaa, ndani ya sanduku, na kila Jumamosi linahesabiwa la kwanza, kabla hisa hazijaanza kununuliwa.